Shajara ya mradi: majitaka ya bweni na mfongo wa chini

Jumamosi, 14 Januari 2023

Kikao cha jana kimenifanya katibu, kwa hiyo naanza kuandika leo kabla sijasahau nani alisema nini.

Watu wa chini, wanaokaa mteremkoni chini ya shule, walikuja shuleni, tisa kwa hesabu yangu. Hawakuja kwa fujo. Meku (mzee, kwa Kichaga) anayesimamia zamu za mfongo alibeba chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, akaiweka juu ya meza ya mkuu wa shule bila kusema neno. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na juu yake povu lililokataa kuisha hata baada ya nusu saa. Nilipoinama kuitazama ndipo aliponiambia, "Haya ndiyo tunayomwagilia mboga zetu za mnafu, Mwalimu. Ng'ombe wangu wanayanusa, wanageuka. Sisi tugeukie wapi?"

Kwa asiyetoka huku: mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mkono, unaotoa maji mtoni huko juu na kuyateremsha hadi kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Upande huu wa kusini wa Kilimanjaro mifongo ilikuwapo tangu kabla ya Wajerumani, na kila mmoja una wenyewe na zamu zake. Bweni letu limekaa mteremkoni, upande wa juu wa mfongo mmojawapo.

Maji ya vyoo yanaingia kwenye karo la zamani. Ya mabafu, ya kufulia na ya jikoni yanapita mtaro wa wazi nyuma ya jiko na kuishia kichakani, ambako zamani yalikuwa yakinywewa na ardhi. Karo lilijengwa bweni likiwa na wanafunzi 40. Leo wako 120. Shimo la kunywea lililo kando yake limeshiba, na mvua ikinyesha karo linacheua. Kati ya kichaka na mfongo ni hatua 60, nimezihesabu mwenyewe jioni hii.

Tumeunda kamati ya watu saba. Watatu ni wa chini, kwa sharti la Meku.

Jumamosi, 4 Februari

Injinia wa wilaya niliyempigia simu wiki iliyopita alinikatiza: "Mwalimu, idadi ya wanafunzi weka pembeni kwanza. Nipe lita."

Basi tumekesha. Vijana wanne wa kidato cha tatu nami tulipokezana kusoma mita ya maji kila nusu saa, kuanzia jana saa kumi na mbili jioni hadi leo saa hiyo hiyo. Jumla, lita 5,900. Kilichonishangaza ni alfajiri: kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu zilipita lita 2,000, theluthi nzima ya siku, wakati kila mtu anaoga kwa mkupuo kabla ya kengele. Mfumo wetu itabidi uhimili hilo wimbi la alfajiri, maana ndilo litakalousukuma. Mchana ni maji ya kuosha sahani tu.

Tumechukua lita 6,000 kwa siku kuwa namba ya kazi. Ni lita 50 kwa kila mwanafunzi.

Jumamosi, 11 Machi

Injinia alifika. Alikunywa chai, akazunguka eneo lote kwa miguu, akachora kwenye daftari langu la kemia. Mchoro wenyewe nimeubandika ukurasa wa nyuma. Hapa naandika jinsi ninavyouelewa, ili nikikosea wenzangu wanisahihishe.

Kwanza, kinasa mafuta karibu na jiko. Ni kisanduku cha zege ambamo mafuta huelea na chenga huzama kabla maji hayajaendelea.

Pili, tangi la vyumba vitano chini ya ardhi, upana mita 1.8, kina cha maji mita 1.6. Chumba cha kwanza kina urefu wa mita 2, na kazi yake ni kutuliza. Vinne vinavyofuata ni vya sentimita 75 kila kimoja. Kuingia kila chumba, maji yanapitishwa kwenye bomba linalofika karibu na sakafu, kwa hiyo yanalazimika kupanda juu yakipenya tope lililojaa bakteria. Hao bakteria hawahitaji hewa. Wanakula uchafu, wanatoa gesi. Siri yake ni maji yapande polepole, hata kwenye wimbi la alfajiri yasizidi kama mita moja kwa saa, la sivyo yatalibeba tope na kutoka nalo. Vipimo vyetu vinatupa hiyo mita moja, bila cha ziada.

Tatu, vitanda viwili vya kokoto vilivyopandwa matete, kila kimoja mita 8 kwa 10, kina sentimita 60. Maji yanapita chini ya uso wa kokoto, hayaonekani, kwa hiyo mbu hawana pa kutagia. Matete yenyewe siyo yanayosafisha, kama nilivyodhani. Kazi kubwa inafanywa na utando wa bakteria unaoshika kwenye kila kokoto, na mizizi inawapa makazi na hewa kidogo na kuzuia kokoto zisigande. Vitanda ni viwili ili kimoja kiweze kupumzishwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikitafiti mifumo hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na sekondari ya Ruaha kule Iringa ni mojawapo ya mahali ilipojengwa. Sisi hatuvumbui kitu.

Nilimwuliza kama maji yatakayotoka yanaweza kurudi kwenye mfongo. Akacheka. Kiwango cha Tanzania, TZS 860, kinataka BOD isizidi miligramu 30 kwa lita. Hiyo ni oksijeni ambayo bakteria watahitaji kuumaliza uchafu uliobaki majini. "Hapo mnaweza kufika," alisema, "lakini BOD ni habari ya samaki. Mtu anayekula mnafu anajali mayai ya minyoo." Alinikumbusha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989: maji ya kumwagilia mboga za kuliwa mbichi yasiwe na zaidi ya yai moja la minyoo kwa lita. Mnafu tunaupika, sawa, lakini anayeupalilia ana mikono na ana watoto.

Uamuzi wa kamati: maji yakitoka vitandani yaende kwenye mitaro ya migomba ndani ya eneo la shule, chini ya matandazo. Ndizi ziko juu, maji yako chini. Mfongo usipokee chochote. Hata hivyo tumeandika kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani pale Moshi, maana kibali cha kumwaga majitaka ni wao wanaokitoa, na sitaki kusikia baadaye kwamba hatukuuliza.

Aprili na Mei

Masika. Hakuna kuchimba. Fedha imekusanywa kutoka kwa wazazi na wahitimu wa zamani walioko Dar es Salaam, na watu wa chini wameahidi mikono. Karo limecheua mara mbili. Tumelizungushia miiba ili watoto wasikaribie.

Jumamosi, 10 Juni

Likizo, bweni tupu. Tumeanza.

Watu wa chini walifika 23, majembe begani, kama siku ya kuzibua mfongo baada ya masika. Fundi alipima levo kwa mpira wa plastiki mwangavu uliojazwa maji, mtu mmoja huku, mwingine kule, wanapaza sauti: "Panda! Shuka! Hapo hapo!" Meku alisimama pembeni, fimbo mkononi, akitazama. Mwishowe akasema ule upande wa kushoto uko juu. Fundi akapima tena. Ulikuwa juu kwa vidole viwili. Wazee hawa wameteremsha maji kwenye ubavu wa mlima maisha yao yote bila mpira wala nini, kwa hiyo sikushangaa sana, ila fundi alinuna hadi saa sita.

Chini ya kitanda tunataka mteremko wa sentimita 10 kwa mita 10. Juu, kokoto ziwe tambarare kabisa.

Jumatano, 5 Julai

Karo la zamani. Hili naliandika kwa kirefu kwa sababu nusura tupoteze mtu.

Gari la kunyonya lilitoka Moshi asubuhi, likavuta mara mbili na kupeleka kwenye mabwawa ya Mabogini. Chini likabaki tope zito lisilovutika. Kijana mmoja wa vibarua, mwepesi wa kazi na mwenye haraka ya kwenda nyumbani, akatupa ngazi ndani akaanza kuteremka na ndoo. Alikuwa ngazi ya tatu nilipomwona. Nilimshika ukosi wa shati.

Alikasirika. "Mwalimu, hata harufu hamna tena!"

Hapo ndipo penyewe. Ile gesi ya mayai viza, haidrojeni salfaidi, ikiwa kidogo inanuka hadi unataka kutapika. Ikiwa nyingi inaua pua kwanza: hunusi kitu, unadhani imeisha, na pumzi mbili tatu baadaye unaanguka. Anayeruka kumwokoa mwenzake naye anaanguka juu yake. Ninafundisha gesi hii kila mwaka ubaoni na sikuwahi kuiona ikikaribia mtu namna ile. Tukaliacha karo wazi, tukatoa tope kwa ndoo za kamba tukiwa juu, vitambaa puani, bila sigara wala kiberiti karibu, kwa kuwa humo kuna na methani pia. Kazi ya saa mbili imechukua siku nzima. Kijana yule ameondoka bila kuniaga.

Ndoo sita za tope tumeziweka pembeni, zimefunikwa, kwa ajili ya tangi jipya. Fundi alitaka kujua za nini. Nikamwambia tangi bila bakteria litachukua miezi mingi kuanza kazi, hizi ni za kulianzishia. Meku akaingilia: "Kama mso kwenye mbege." Mso ni kimea cha ulezi kinachotiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ili ichachuke. Tangu leo kila mtu hapa anaziita ndoo za mso, na akina mama wa jikoni hawajafurahi.

Jumamosi, 29 Julai

Tangi limekamilika na lipu ya ndani imekauka. Fundi alilalamikia kuta nyingi kuliko nyumba yake, lakini kazi yake ni safi.

Tulilijaza maji kupima kama linavuja. Tukaweka alama ya penseli saa kumi jioni, na asubuhi yalikuwa yameshuka unene wa kucha. Zege jipya hunywa kidogo. Tumelikubali.

Jumamosi, 12 Agosti

Kitanda cha kushoto kilishindwa jaribio hilo hilo. Tumetandika turubai zito, lile la mabwawa ya samaki, kwa sababu udongo wetu wa volkano haushiki maji. Tulijaza, tukalala, tukakuta yameshuka sentimita 9. Ilibidi kuyatoa yote kwa ndoo na kutambaa kwa magoti tukipapasa. Tundu lilikuwa kwenye kona, dogo kama mbegu ya papai, na chini yake jiwe lenye ncha ambalo mtu aliona uvivu kuliondoa. Nina hakika ni upande niliosawazisha mimi. Tumeziba, tukatandika mchanga chini na magunia ya zamani juu.

Jumamosi, 26 Agosti

Kokoto. Tripu 14 za Fuso, karibu mita za ujazo 7 kila tripu. Zilizofika zina vumbi jingi, na injinia alituonya: vumbi likiingia kitandani litajaza zile nafasi ambamo maji yanapaswa kupita. Kwa kawaida kama sehemu mbili kati ya tano za kitanda ni nafasi tupu. Kwenye vitanda vyetu viwili, maji yakikaa sentimita 10 chini ya uso, inakuja karibu mita za ujazo 32 za maji, yaani maji ya siku moja yanakaa humo siku tano hivi kabla ya kutoka. Vumbi likizila nafasi, na siku zinapungua.

Kwa hiyo tunaosha. Kokoto zote! Pipa limekatwa katikati, chini limetobolewa matundu, wawili wanatikisa, mmoja anamwaga maji. Maji ya kwanza yanatoka kama uji wa ulezi. Ya tatu yanaonyesha mkono. Tumefanya toroli 31 leo na rundo halijapungua kwa macho. Mgongo wangu umenikumbusha kwamba mimi ni mwalimu.

Jumamosi, 16 Septemba

Siku ya kupanda, na kioja.

Niliwatuma vijana mtoni wakachimbe matete, vipande vya shina lenye mizizi na vifundo viwili vitatu. Wamerudi na mizigo miwili. Mmoja ni matete kweli. Mwingine ni mabingobingo, yale majani ya ng'ombe yaliyopandwa kwenye kingo za kila kihamba. Kijana aliyeuleta alijitetea kwamba kwao hayo ndiyo matete, na bibi yake ni shahidi. Ni kweli, huku majina hayo yanaingiliana, na maelekezo yangu yalikuwa neno moja tu. Nikampigia injinia. Akasema mabingobingo nayo hustahimili, yamejaribiwa kwenye vitanda vya namna hii. Basi kitanda cha kushoto ni matete na cha kulia ni mabingobingo. Tutaona.

Maji tumeyaweka karibu na uso kwanza ili miche ishike. Pale yanapotokea kuna kona ya bomba inayozungushwa: ukiilaza maji yanashuka, ukiisimamisha yanapanda. Kifaa rahisi kuliko vyote kwenye mradi huu, nami ndicho ninachokipenda zaidi.

Jumatatu, 2 Oktoba

Ndoo za mso zimeingia tangini. Bomba la bweni limeunganishwa saa nne asubuhi. Mtaro wa nyuma ya jiko umefukiwa.

Jumapili, 5 Novemba

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza El Niño tangu Agosti. Hatuna wa kumlaumu.

Mvua ya jana usiku ilianza saa mbili. Saa tano mlinzi alinigongea: vitanda vimegeuka bwawa. Nilitoka na tochi. Maji yalikuwa juu ya kokoto, matete yamelala, na kutoka tangini yalikuja meusi, na tope ndani yake, lile tope tulilolilea kwa mwezi mzima. Bweni zima limelala, hakuna anayeoga, sasa maji haya yanatoka wapi?

Tulifungua chemba moja baada ya nyingine kutoka juu kwenda chini. Kavu. Kavu. Ya nne, iliyo nyuma ya bweni ndani ya kichaka cha lantana, ilikuwa inanguruma. Maji meupe, baridi, yanaingia kwa bomba la inchi nne ambalo halimo kwenye mchoro wangu. Nikalifuata kwa tochi hadi ukutani. Ni bomba la mabati ya paa. Aliyejenga bweni aliona chemba iko karibu, akaunganisha, akaenda zake.

Asubuhi nilipiga hesabu. Paa lina kama mita za mraba 300. Mvua ya milimita 40 juu yake ni lita 12,000, mara mbili ya majitaka yetu ya siku nzima, na imekuja kwa saa tatu.

Ukurasa wa Juni wa shajara hii hauna mstari wowote kuhusu chemba ile. Kwenye orodha niliyompa injinia niliandika "chemba zote zimekaguliwa". Nilikagua tano. Ya kichakani niliiona mfuniko wake tu, nikaogopa nyoka.

Jumamosi, 11 Novemba

Bomba la paa limekatwa, sasa linaingia kwenye tangi la plastiki la lita 5,000 na ziada inaenda kwenye nyasi. Lantana imefyekwa.

Hasara: mita ya kwanza ya kokoto kwenye vitanda vyote imezibwa na tope. Tumeitoa, tukaiosha, tukairudisha, kidato cha nne wakitutazama kwa madirisha, madaftari ya kujiandaa na mtihani mikononi. Niliwaambia watu wa chini mbele ya kamati nzima kwamba kosa ni langu. Meku akasema mfongo ukipasuka huwa hawaulizi nani, wanauliza wapi. Kisha akaniuliza wapi.

Jumamosi, 2 Desemba

Jiko. Maji yamerudi nyuma hadi kwenye sinki.

Mafuta ndiyo niliyotegemea kuyakuta kwenye kinasa, na yalikuwapo, utando mweupe unene wa kidole. Lakini kilichokijaza si mafuta. Ni majivu na mchanga. Sufuria za bweni, zile za kupikia ugali wa watu 120, zinasuguliwa kwa majivu ya kuni na mchanga, kwa sababu ukoko wa ugali hautoki kwa sabuni wala kwa dua. Kila jioni kopo mbili tatu za mchanga zinaoshewa humo. Hakuna mchoro wowote niliowahi kuuona unaozungumzia majivu.

Nilianza kumweleza mama mpishi mkuu habari za chembe zinazozama. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Mwalimu, umekuja humu jikoni mara ngapi kabla ya kuchora?" Sikuwa nimewahi kuja. Tulimwuliza kuhusu kila bomba isipokuwa lile analolitumia yeye.

Suluhisho ni lake. Sufuria zinasuguliwa nje kwenye jiwe, zinasuuzwa mara ya kwanza ndani ya beseni, na beseni linamwagwa kwenye shimo la mbolea. Ukoko unakwenda kwa nguruwe. Kinasa kinafunguliwa kila Jumamosi, na yeye amekataa kazi hiyo iwe ya mtu mmoja. Kuna zamu, imeandikwa kwa mkaa ukutani juu ya ndoo.

Matroni naye ameweka ndoo zenye mifuniko kwenye vyoo vya wasichana kwa ajili ya taulo za kike, na tanuru dogo la kuchomea. Chemba ya pili haijaziba tangu hapo.

Jumamosi, 20 Januari 2024

Mabingobingo yamepita kifua. Matete yako magotini, lakini yamesambaa na kujaza kitanda. Kwa macho, maji yanayotoka kulia na kushoto hayatofautiani: yana umanjano wa chai ya rangi nyepesi, harufu ya udongo. Niliyaweka kwenye chupa ya lita moja na nusu, nikasoma maandishi ya gazeti nyuma yake. Yanasomeka.

Ila kitanda cha kulia kimekatwa usiku. Nusu yake, kwa panga kali, mkato safi. Huku ng'ombe anafugwa zizini na majani yanabebwa kichwani kutoka mbali, kwa hiyo kupanda mabingobingo mazuri namna ile kando ya njia na kutegemea yabaki ni kutojua watu. Kamati ilitaka seng'enge. Afisa mifugo alikuwa na wasiwasi mwingine: mayai ya tegu yakishika kwenye majani, ng'ombe anayameza, nyama inapata malengelenge, na mtu anayekula nyama isiyoiva anaanza upya mzunguko mzima. Maji yetu yako sentimita 10 chini ya uso, kwa hiyo majani ya juu hayaguswi. Lakini usiku wa mafuriko yaliguswa.

Tukakubaliana: kilichoota kabla ya Novemba kikatwe na kufukiwa. Kuanzia machipukizi mapya, mkato uwe juu ya shubiri moja kutoka kwenye kokoto, majani yaanikwe juani siku kadhaa kabla ya kulishwa, na kukiwa na mafuriko hakuna kukata hadi yaote mengine. Kukata kwenyewe kunasaidia, kunaondoa naitrojeni iliyopanda kwenye majani. Nani akate? Meku aliondoka na orodha ya kaya za chini, akarudi siku ya pili na zamu, zimepangwa kwa mtindo ule ule wa maji, kaya tatu kwa wiki. Seng'enge haikununuliwa.

Jumamosi, 16 Machi

Majibu ya maabara. Tulipeleka sampuli ndani ya boksi la barafu, na kipimo cha BOD chenyewe huchukua siku tano kwa nyuzi 20, kwa hiyo hakuna wa kuharakishwa. Kitanda cha matete kimeingia chini ya 30. Cha mabingobingo bado kiko juu kidogo. Injinia anasema mizizi haijafika chini na kile kipande kilichokatwa kilirudisha nyuma. Tumelaza kona ya bomba ya kulia nusu shubiri, ili mizizi iyafuate maji.

Bado hatumwagi mfongoni, na hatutamwaga.

Leo pia tumepima tope la chumba cha kwanza. Kijiti cha mita mbili na nusu, kitambaa cheupe kimeviringishwa kuanzia chini, kinazamishwa polepole hadi sakafuni, kinaachwa kidogo, kinatolewa. Tope linaacha rangi yake kwenye kitambaa: sentimita 22. Likifika theluthi ya kina cha maji, sentimita 53 kwa tangi letu, tutaita gari. Aliyekishika kijiti ni yule kijana wa ngazi. Alirudi Februari kuomba kazi, na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba haingii shimoni.

Kitambaa kimefuliwa, kijiti kimetundikwa stoo. Kipimo kijacho ni Septemba. Kinasa cha jikoni leo kimetoa nusu ndoo, zamu ilikuwa yangu.